Namna ya Kusambaza Mapishi ya Jadi kwa Simu Bila Ladha Kupotea Njiani

Mpishi aliyerudia chakula kimoja maisha yake yote hahitaji kipimo. Mkono wake unaijua chumvi, pua yake inajua vitunguu vimefikia wapi, sikio lake linayatambua mafuta yaliyopata moto. Mwombe akufundishe: atakutajia mahitaji, atasema "unatia kiasi, unaacha mpaka iwe tayari", basi. Hakufichi kitu. Hayo mengine hayahesabu kuwa maarifa, maana kwake ndiyo kupika kwenyewe.

Ndiyo sababu video nyingi za mapishi ya jadi zinapendeza kutazamwa lakini hazipikiki. Simu imenasa aliyoyasema mpishi na kuyaacha aliyoyanyamazia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutumia simu janja ya kawaida kuyanasa hayo yasiyosemwa, kuyaandika, kisha kuyapeleka kwenye programu itakayomfaa mtu ambaye hajawahi kukiona chakula hicho wala kukionja. Habari za kutafuta wafuasi wengi nimeziacha pembeni. Wapo wengi wanaozifundisha.

Hatua ya 1: Chagua pishi moja na mtu mmoja

Usianze na mapishi yote ya eneo lenu. Chagua moja, na kama ni juu yangu ningekwambia uchukue chakula cha siku za kawaida kabla ya kile cha sherehe. Vya sherehe vina watu wengi wanaovikumbuka na kuvipiga picha. Kile cha jioni ya katikati ya wiki ndicho kinachopotea kimyakimya, kwa kuwa hakuna anayekiona kuwa kinastahili kuandikwa. Tena ni rahisi kukishuhudia kikipikwa mara mbili au tatu ndani ya mwezi mmoja, na utaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu.

Kisha mfikirie mtu mmoja halisi atakayelipika: mtoto wa ndugu aliyehamia mbali, mkwe mpya, rafiki asiyetoka eneo lenu. Ana jiko gani? Chungu anacho, au ana sufuria nyepesi ya bati? Majani fulani yanapatikana anakoishi, au itabidi atumie yaliyokaushwa? Maswali haya yatakuongoza mpaka mwisho wa kazi. Mwongozo ulioandikwa kwa "kila mtu" huishia kutomfaa yeyote.

Hatua ya 2: Ruhusa kwanza, kamera baadaye

Mwendee mpishi bila simu mkononi. Muulize mambo matatu: kama sauti, mikono au uso wake waweza kuonekana, kama angependa jina lake litajwe, na kwa namna gani, na kama kuna sehemu ya pishi isiyopaswa kutoka nje ya nyumba. Wengi watakuruhusu kila kitu. Wachache watasema mikono tu, au watakataa hatua fulani isisambazwe, na hapo hakuna cha kubishania. Vyakula vingine vimefungamana na misiba, unyago, ibada au uzazi, na mpishi anaweza kukupa pishi bila kukupa maelezo ya linapopikwa.

Mtazamishe pia mahali video itakapokwenda. Mtu mzima akisikia "nitaituma kwenye simu" anafikiria wanafamilia. Hafikirii watu asiowajua wakimwandikia maneno ya kejeli juu ya sufuria yake. Akishaona ukurasa wenyewe, jibu lake ndilo ruhusa ya kweli. Mwombe arudie jibu hilo kwa ujumbe wa sauti ili ulihifadhi pamoja na faili zako. Watoto wanaopitapita jikoni wasiingie kwenye picha kabisa.

Hatua ya 3: Pima bila kumsumbua

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiikimbize.

Kosa linalofanywa na wengi ni kumpa mpishi kijiko cha kupimia na kumwomba akitumie. Papo hapo mkono wake unapotea. Anaanza kufikiri juu ya kijiko badala ya chakula, na utakachokiandika si pishi lake tena. Mwache apike kama siku zote, kisha upime wewe kwa mlango wa nyuma: kabla hajaanza, weka kila kitu katika chombo chake na upime uzito wa chombo pamoja na kilichomo. Baada ya kupika, pima tena. Mkebe wa chumvi uliokuwa na gramu 412 ukirudi na gramu 398, ametia gramu 14, naye hakujua kama alikuwa anapimwa. Fanya hivyo kwa unga, mafuta, viungo, sukari. Maji yaweke kwenye jagi lenye alama.

Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Kwa viungo vikali vinavyotiwa kidogo sana, tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, au ukusanye mpishi alichotia mara tatu tofauti ugawanye kwa tatu.

Kwa nini gramu, wakati vikombe na vijiko vipo kila nyumba? Kwa sababu kikombe hakina ukubwa mmoja duniani. Cha Marekani kinachukua takriban mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Kijiko kikubwa katika nchi nyingi ni mililita 15, Australia ni 20. Na hata kikombe kilekile kimoja, ukichota unga kwa kuushindilia au ukiujaza polepole kwa kijiko, uzito unaweza kutofautiana kati ya gramu 120 hivi na 150. Kwa mchuzi si kitu. Kwa mkate au kinyunga cha kukaanga, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kilichoumuka na kilicholala. Andika gramu, halafu kwenye mabano uweke kipimo cha mpishi mwenyewe, konzi au kiganja cha mkono, kwa wasio na mizani.

Mpime mara mbili, ikiwezekana tatu. Utagundua kwamba hatii kiasi kilekile kila siku, na hilo lisikusumbue. Andika "gramu 12 hadi 16" na umuulize siku ipi anaongeza. Mara nyingi ana sababu: unga ni wa zamani, nyanya ni chachu, nyama ina mafuta mengi. Sababu hiyo ina thamani kuliko namba.

Muda usiuandike kwa kukisia. Washa kinasa sauti cha simu tangu sufuria inapoinjikwa mpaka inapoepuliwa, uiache simu rafuni. Baadaye utasikia kila kitu kwa dakika zake: vitunguu vinapoingia, kifuniko kinapogongana, mpishi anapokwenda kufungua mlango na kurudi. Mazungumzo ya pembeni nayo yamo, na humo hujificha mengi ambayo asingeyasema mbele ya kamera.

Wakati wote huo una swali moja tu la kumuuliza: "Umejuaje?" Amegeuza, umejuaje kuwa umefika wakati? Amepunguza moto, umejuaje? Mara ya kwanza atacheka na kusema anajua tu. Uliza tena kwa upole. Atakwambia mafuta yamejitenga na rojo, au povu limekuwa dogodogo, au mwiko umekuwa mzito, au harufu ya ubichi imeondoka. Majibu hayo yaandike kwa maneno yake mwenyewe. Dakika hubadilika kulingana na jiko, lakini mafuta kujitenga ni kulekule popote.

Pima pia upana wa sufuria, uangalie kama kifuniko kinabana, na uandike aina ya moto. Na kama mnapika nyanda za juu, sema. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Nafaka kavu na mikunde huchelewa kuiva huko, na mtu wa pwani akifuata dakika zako atapata uji badala ya punje.

Hatua ya 4: Zilinde hatua zinazoonekana za bure

Ukianza kufupisha pishi ili liingie kwenye video ya dakika moja, utashawishika kukata zile hatua ndefu zisizo na mvuto: kuloweka usiku kucha, kumwaga maji ya kwanza, kuanika, kuvundika. Kabla hujakata, jua kwamba baadhi yake ndizo zinazolifanya liwe chakula.

Historia ina mfano mkubwa wa pishi lililosafiri bila hatua zake. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walichemsha mahindi pamoja na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, mbegu zilikwenda lakini hatua ile haikwenda. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, Uhispania, aliandika juu ya ugonjwa wa ngozi uliowapata maskini waliokula mahindi zaidi ya vyote. Baadaye ukaitwa pelagra, ukaenea Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaua maelfu kusini mwa Marekani. Daktari Joseph Goldberger wa Marekani alionyesha kuwa chanzo ni lishe, na mwaka 1937 mwanakemia Conrad Elvehjem akatambua kinachokosekana: niasini, vitamini ambayo mwili hauipati vizuri kutoka kwenye mahindi yasiyopitishwa kwenye chokaa. Waliopika kwa chokaa hawakuwa na jina la vitamini hiyo. Walikuwa na hatua.

Mifano ya jikoni iko karibu zaidi. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sayanidi, na kuloweka, kuchachusha, kukuna na kukamua, au kuanika ndivyo vinavyoipunguza. Maharage mekundu makubwa yana sumu ya asili inayohitaji kuharibiwa kwa mchemko mkali: yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemshe yatokote kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri dakika 30 za kutokota. Jiko la umeme la kupikia polepole halifikishi joto hilo, na mtu uliyemfikiria katika hatua ya kwanza huenda ndilo analotumia.

Kwa hiyo hatua ambayo mpishi haiachi kamwe, hata akiwa na haraka, iweke kwenye video na kwenye maandishi, na uandike waziwazi "usiruke hatua hii". Huhitaji kueleza sayansi yake. Kwa vyakula vya kuhifadhiwa kwenye chupa, mafuta au chumvi kwa wiki nyingi, kuwa mwangalifu zaidi: kukosea hapo huleta sumu ya botulismu, na video fupi si mahali pa kuvifundishia.

Hatua ya 5: Rekodi ukiwa na orodha ya mabadiliko

Sasa ndiyo wakati wa kamera. Kwa kuwa umeshapima na kuuliza, unajua ni nyakati gani pishi linabadilika, na hizo ndizo za kurekodi. Kitunguu kikatwe mara moja tu, inatosha. Lakini rangi ya kitunguu kilipokuwa kibichi, kilipolainika, kilipogeuka dhahabu na pale mpishi aliposema "hapo", zote nne zinahitajika, kwa karibu, bila kuharakishwa. Video nyingi hufanya kinyume: kisu kinaonekana kwa muda mrefu, halafu rangi inayotakiwa inapita kwa nusu sekunde.

Futa lenzi, maana jikoni haikosi mafuta. Kaa upande wa dirisha, uzime taa ya juu ikiwa ya manjano; taa hiyo itamdanganya mtazamaji kuhusu rangi ya rojo. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga na umakini wa picha, vinginevyo mvuke ukipanda kila kitu kitafifia na kurudi. Weka simu kwenye hali ya ndege. Stendi si lazima. Kopo zito na kamba vinatosha, mradi simu isiwe juu ya mvuke wenyewe.

Ubora wa 1080p unatosha kabisa. Kwa iPhone, kwa mfano, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde huchukua megabaiti 60 hivi kwa mfumo wa kubana faili, wakati 4K, ubora wa juu zaidi, huchukua kama 170. Utakayemtumia atakushukuru kwa bando lake.

Na tafadhali, usiweke muziki juu ya sauti ya chakula. Najua programu zinakuhimiza. Lakini mlio wa kitu kinachotoswa kwenye mafuta ya moto ni kipimo, sawasawa na gramu. Ukiufunika kwa ngoma, umemnyima mtazamaji mojawapo ya alama ambazo mpishi mwenyewe anazitegemea. Muziki wa watu una jambo jingine pia: haki miliki, inayoweza kuifanya video inyamazishwe au iondolewe.

Hatua ya 6: Liandike pishi, kisha mpe mgeni

Video haiwezi kuchukua nafasi ya maandishi. Mtu mwenye mikono ya unga hawezi kurudisha video nyuma kila sekunde.

Andika jina la chakula kama linavyotamkwa kwenu, na chini yake mstari mmoja unaokieleza kwa asiyekijua. Mahitaji yaje kwa mpangilio wa kuingia kwenye sufuria. Kila hatua iwe na kitendo, alama ya kujua imefika, halafu ndipo muda: "kaanga mpaka mafuta yajitenge, dakika 8 hivi." Tofautisha yanayoweza kubadilishwa na yasiyobadilishika. Mpishi akisema siagi badala ya samli ni sawa, andika. Akisema bila jani fulani ni chakula kingine, andika hivyohivyo.

Taja vitu vinavyowadhuru watu wenye mzio, hata kama kwenu hakuna anayeujua mzio huo: karanga, njugu nyingine, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba na jamii yake. Marekani iliongeza ufuta kwenye orodha yake ya lazima mwaka 2023. Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 14, ikiwemo haradali na figili ya majani inayoitwa seleri. Kuviandika kunachukua mstari mmoja. Pishi lenye asali liseme lisipewe mtoto aliye chini ya miezi 12.

Kisha mpe karatasi hiyo mtu asiyelijua pishi, aingie jikoni, nawe usiseme neno. Kila atakapokuuliza kitu, hapo pana pengo kwenye maandishi yako. Kila atakapofanya kitu tofauti bila kuuliza, hapo pana pengo kubwa zaidi. Mwisho wake mpelekee mpishi sahani aonje. Hukumu yake ndiyo inayokubalika, si yako.

Hatua ya 7: Ipi programu, kwa kazi ipi

Huhitaji kuwa kila mahali. Chagua kwa kazi.

Kwa ndugu na marafiki, WhatsApp inatosha na kuzidi. Kundi linaweza kubeba watu hadi 1,024, ingawa kundi la mapishi lenye watu kumi na wawili wanaopika kweli lina faida kuliko lile la mia tatu wanaotuma salamu za asubuhi. Usitegemee stetasi, kwa kuwa hupotea baada ya saa 24. Video itume kama dokumenti, siyo kama video ya kawaida, ili isibanwe ikapoteza rangi; njia hiyo hupokea faili la hadi gigabaiti 2. Na uangalie kama kundi halijawekewa ujumbe wa kujifuta wenyewe.

Kwa pishi refu, YouTube. Kwenye maelezo ya chini, orodhesha nyakati za hatua ukianzia na 0:00. Zikiwa tatu au zaidi, na kila sehemu ikiwa na sekunde 10 au zaidi, video itagawanyika yenyewe kwa sura. Anayetaka kuona rangi ya kitunguu ataruka moja kwa moja hadi hapo. Usipotaka watu wote waione, iweke ionekane kwa wenye linki tu. Jambo la kukumbuka: video ikishapakiwa YouTube huwezi kubadilisha faili na kubaki na linki ileile, ila maelezo unaweza kuyahariri wakati wowote. Kwa hiyo vipimo viweke kwenye maelezo. Vikiwa vimeandikwa ndani ya picha tu na ukagundua chumvi imezidi, itabidi upakie upya na kupoteza kila kilichoandikwa chini yake.

TikTok na Instagram zinafaa kwa kumvutia mtu ajue chakula kipo. Zitumie kama mlango: onyesha wakati mmoja wa pishi, ule wenye kuduwaza, kisha umwelekeze kwenye maelezo kamili. Kulibana pishi la saa tatu ndani ya sekunde 60 ni kumfundisha mtu kushindwa.

Zipo pia programu za mapishi pekee. Cookpad, iliyoanzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, ina kitu ninachokipenda kuliko idadi yoyote ya watazamaji: aliyelipika pishi lako anaweza kuweka picha ya alichokipata. Picha kumi za watu waliopika zitakuonyesha mara moja wanapokwama wote. Kama chakula kimetoka cheupe kwenye picha saba, hatua yako ya kukaanga haikueleweka.

Hatua ya 8: Asili, sifa na mabishano

Mtaje mpishi kwa namna aliyoichagua, na utaje eneo kwa udogo wake: bonde, kisiwa, tarafa. "Chakula cha nchi yetu" hakimsaidii mtu, tena kinakaribisha ugomvi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Ng'ambo ya mto wana namna yao, na wao pia wanaita ya kweli. Andika "hivi ndivyo kinavyopikwa nyumbani kwa fulani" na utakuwa umesema kweli isiyopingika. Hata mataifa yamejifunza hilo: kuskusi, chakula cha punje ndogo za nafaka cha Afrika Kaskazini, ilipoingizwa na UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2020, iliombwa kwa pamoja na Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia.

Kisheria, orodha tupu ya mahitaji kwa kawaida haina haki miliki, lakini maelezo yaliyoandikwa, picha na video zinayo. Ukichukua pishi la mtu mwingine, andika hatua kwa maneno yako, piga picha zako, na umtaje uliyejifunza kwake hata pale sheria isipokulazimisha.

Majibu yakianza kuja, wapo watakaosema umekosea. Watenge kwa makundi mawili. Anayesema "sisi tunatia ndimu mwishoni, sio mwanzoni" amekupa zawadi, muulize "umejuaje?" na uyaongeze maelezo yake chini ya yako kwa jina lake akiridhia. Anayetukana mfute, hasa ikiwa mpishi au wajukuu zake wanasoma. Sahihisho la kipimo libandike juu ya komenti zote, na kwenye WhatsApp ukumbuke una dakika 15 tu za kuhariri ujumbe. Baada ya hapo tuma pishi zima upya lenye tarehe, usitume sahihisho peke yake, kwa kuwa litasambazwa bila lile la kwanza.

Hatua ya 9: Weka nakala nje ya programu

Programu hufa. Vine, iliyokuwa ya video za sekunde 6, ilifungwa Januari 2017. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019 pamoja na picha na maandishi yaliyokuwa humo. Akaunti nayo huibwa, hufungiwa, au nywila yake huondoka na mwenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, na nywila ya akaunti ya familia ijulikane na watu wawili.

Faili asili zisiishi ndani ya programu wala kwenye simu moja. Kwa kila pishi tengeneza folda yenye jina la chakula, eneo na mwaka, ndani yake uweke video ambayo haijahaririwa, sauti nzima ya siku ya kupika, ruhusa ya mpishi, na pishi lenyewe kwa maandishi ya kawaida pamoja na PDF. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Chapisha karatasi moja umpe mpishi. Kila mwaka fungua faili hizo kwenye simu usiyoitumia kila siku. Inayogoma kufunguka, ihamishie kwenye mfumo mpya wakati simu ya zamani bado inaisoma.